Wiki Moja Bandani

Kiwanda cha samaki nilichofanyia kazi hapa Musoma kilifungwa Ijumaa. Jumapili mama mkwe akafika kutoka Bunda kutibiwa macho, akae kwetu wiki nzima. Mungu naye ana utani wake.

Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hali naye. Alipotutembelea nikiwa bado na kazi halikunisumbua hilo: natoka alfajiri, nikirudi ameshaingia chumbani. Sasa mtu asiye na kazi, mwenye nyumba ya vyumba viwili, amkwepe wapi mkwewe mchana kutwa? Tena asijue kwamba nimeachishwa, maana siku ya mahari ng'ombe wa baba yangu kutoka Butiama hakuwasifu sana. Alisifu ajira yangu. Niliogopa atamrudisha mke wangu Bunda. Niliogopa kweli.

Siku ya kwanza nilizunguka mtaani, lakini kila jirani alinipa pole kwa sauti ya msibani. Kuanzia kesho yake nilivaa buti zangu nyeupe za kiwandani, nikaaga kwa sauti, nikabamiza geti, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba na kuingia banda la kuku. Jogoo alinidonoa goti. Nikamwacha, angalau yeye alikuwa kazini.

Mchana mke wangu aliniletea ugali na dagaa. "Kula upesi," alininong'oneza. "Nimemwambia mama haya ni mabaki ya kulisha kuku." Nilikula nimechuchumaa, mavi ya kuku mabegani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya kuondoka, mama mkwe alisimama uani, akalipa banda mgongo kama adabu inavyotaka, akamwambia binti yake kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani:

"Mwambie mkwe wangu atokage humo. Tangu nifike kuku hawatagi."

Akaendelea:

"Macho yananiuma, si kwamba sioni. Kuku gani anapelekewa maji ya kunawa? Nilikuwaga nasema nimeshiba, nabakiza makusudi, mwanamume wa watu asilale njaa."

Geti likafungwa taratibu, si kama nilivyolibamiza mimi. Wiki nzima nilikuwa nakula chakula cha mgonjwa. Niliona aibu, nikalia.

Mke wangu akanifungulia banda. Nikamwambia angoje kidogo, nivue kwanza buti.