Bodi Tano za Donatus

Donatus ni fundi redio hapa Ngokolo, mwaka wa kumi na tisa huu, na ukimwambia amekosea atakununia mpaka Jumapili. Mimi Suzana ndiye mkewe. Nimezoea.

Mwaka jana kule Geita, kwenye duara, shimo la dhahabu analochimba mdogo wangu Jilala, watu wawili walishuka asubuhi hawakupanda tena. Moshi wa pampu ya maji ulikuwa umetulia chini, na sumu ya moshi ule haina harufu. Wachimbaji hutanguliza mshumaa kwa kamba; ukizimika, hawashuki. Siku ile mshumaa ulikuwa bado unawaka.

Baada ya mazishi Donatus akamwambia Jilala, "Shemeji, nitakutengenezea kitu cha kutanguliza. Hewa ikiwa mbaya, kinapiga kelele." Jilala akayashika maneno hayo kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Donatus akaanza na kihisi cha hewa, king'ora, na chipu moja ya kupangiwa kazi kwa kompyuta, vyote vimeungwa kwa nyaya. Mezani kililia vizuri. Kwenye kamba, nyaya zikachomoka zote. Basi ikabidi kiwe na bodi yake chenyewe, kibao chenye njia za umeme badala ya nyaya. Anjali, binti wa Mzee Vinod mwenye duka la vifaa vya umeme, akamwazima kompyuta na kumwonyesha namna ya kuchora. Miezi miwili mwanamume anachora, ugali unapoa! Anjali akatuagizia bodi China. Tukangoja wiki tano.

Duara lilifungwa wakati wa masika, lingefunguliwa Jumatatu. Bodi zikafika Ijumaa: tano, za kijani, pembeni zimeandikwa JILALA. Nikapiga vigelegele, mjinga mimi.

Donatus akaweka chipu juu ya bodi, akaitoa, akaiweka tena.

Fundi redio maisha yake yote anageuza bodi na kuisoma kwa chini, kule kwenye risasi ya kulehemu. Na ndivyo alivyoichora miguu ya chipu, kama mtu anayeitazama kwa chini. Ya kulia ikawa kushoto, ya kushoto kulia.

"Si uibandike upande wa pili?"

"Upande wa pili hakuna pa kulehemu, Suzana."

Akailaza chipu chali, akaanza kuikunja miguu mmoja mmoja kwa kibanio. Ni miembamba mno ile. Wa nne ukakatika. Akachukua chipu ya akiba. Wa saba ukakatika. Nyingine ziko Dar, na Jumatatu haingoji mtu.

"Miaka kumi na tisa, Donatus! Kumi na tisa!" nilimfokea. Hakununa. Aliinamisha kichwa tu, nami nikaogopa kweli.

Jumapili Jilala akapiga simu. "Shikamoo dada. Kimefika?"

"Marahaba. Kimeharibika. Usishuke, mdogo wangu, nakuomba."

"Nisiposhuka nafasi yangu anapewa mwingine, dada. Nina watoto. Nitatanguliza mshumaa." Kisha akacheka. "Mwambie shemeji asijali. Atatengeneza kingine."

Leo ni Jumatatu. Tangu saa mbili asubuhi simu yake haipatikani. Donatus amekaa na bodi mkononi, anaigeuza juu, anaigeuza chini.

"Kule chini hakuna mtandao," ananiambia.

Najua hakuna. Nampigia tena.