Jumamosi za Msituni na Mama Mkwe

Mfumo mpya wa masomo ulipoletwa, mwalimu mkuu wetu pale Malindi aliniambia nifundishe sanaa kwa kuwa mwandiko wangu ubaoni ulikuwa mzuri. Hakuwa na sababu nyingine. Nikapewa kisanduku cha rangi za maji, brashi chache na bunda la karatasi. Nilianza kujizoeza nyumbani ili nisije nikaaibika mbele ya watoto, na kabla muhula haujaisha nilikuwa nimeshanaswa. Nilichora ua wetu, paa za majirani, kisha minazi. Minazi ilinichosha upesi, maana hakuna duka la watalii lililokuwa halina picha yake.

Nilichokitamani ni msitu. Kila tulipokwenda Mombasa tuliupita upande wa kulia baada ya Gede, miti imesongamana mpaka huoni ndani, na kila mara nilitamani nishuke. Lakini nilikuwa na watoto watatu, madaftari ya kusahihisha, na nyumba. Siku pekee iliyokuwa na upenyo ilikuwa Jumamosi, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nikamwomba ruhusa mume wangu, karani wa bandarini, mtu asiyependa maneno mengi. Akasema hana pingamizi.

Pingamizi lilitoka kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa mzaliwa wa Lamu, mjane, na aliishi nasi. Alikuwa akishona kofia za vito, zile za kiume zinazotariziwa kwa mkono, kazi ya sindano ndogo na subira kubwa, na hakuinua macho kutoka kwenye kofia aliyokuwa akiishona alipozungumza.

"Mke wa mtu aende porini peke yake, akae chini ya miti. Watu wakiniuliza nitawajibu nini?"

"Waambie anachora, Mama," mume wangu akasema.

"Anachora nini huko? Miti haipo hapa mjini?"

Mume wangu akamjibu, "Basi nenda naye ukaone."

Nilidhani atakataa. Jumamosi ile nilimkuta mlangoni na buibui lake, mkeka umekunjwa kwapani, chupa ya chai na mahamri kikapuni, na kofia yake ya kushona ndani ya kitambaa. Tulipanda basi. Pale Gede askari wa msitu alitupokea kwa heshima, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akatuonyesha njia ya mchanga mweupe na kutuambia tusiende mbali nayo. Tukatandika mkeka mahali ambapo mirihi, miti mirefu ya msitu ule, ilikuwa imeachana kidogo na jua lilifika chini.

Siku ile sikuchora kitu cha maana. Mama mkwe alishtuka kwa kila jani lililoanguka, akalalamika juu ya siafu, akauliza saa. Nilikuwa najaribu kuchora huku nikijua ananitazama, na mkono ukawa mzito. Tulirudi kabla ya wakati. Nikajiambia ndiyo basi, ameona, na sasa atakuwa na la kusema.

Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni tena.

Mara ya tatu au ya nne ndipo alipoitazama karatasi yangu kwa makini. Aliichukua, akaishika mbali na macho kama anavyoshika kofia akikagua mishono.

"Umetia kijani kila mahali," akasema. "Kama mtu aliyemwaga mchicha."

"Ni msitu, Mama. Ni wa kijani."

"Hebu tazama juu."

Nikatazama. Ulikuwa ni ule wakati ambapo mirihi inatoa majani mapya, na majani yale hayatoki kijani. Yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama chai ya rangi. Nilikuwa nimekaa chini yake wiki tatu, nikipaka rangi niliyoijua kichwani badala ya ile iliyokuwa mbele yangu. Niliona haya. Yeye alikwisharudi kwenye sindano yake.

Tangu siku hiyo nilianza kuchora polepole. Jumamosi nzima ningeweza kukaa na tawi moja. Mama mkwe akishona, mimi nikipaka, na tukizoea kunyamaza pamoja, jambo ambalo nyumbani hatukuliweza.

Asubuhi moja tulisikia kitu kinachakura majani makavu. Alinishika mkono kwa nguvu. Akatokea sange, mnyama mdogo wa pua ndefu na miguu myembamba, nyuma yake manjano kama amekalia dhahabu. Alikuja hatua chache kutoka kwenye mkeka, akachimba kwa pua, akatafuna, akachimba tena. Kisha akapiga mkia chini, akaruka, akatoweka.

"Subhanallah," mama mkwe akasema. Halafu akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, nami nikacheka naye. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka vile. Jioni alimsimulia mwanawe habari za sange mara mbili, na watoto wakamtaka awaonyeshe jinsi alivyoruka. Akawaonyesha.

Kuanzia hapo mimi ndiye niliyehimizwa. Nikisema nina madaftari, ananiambia, "Madaftari hayana miguu, yatakungoja. Mirihi ikishachipua haingoji."

Tuliendelea hivyo karibu miaka miwili, mpaka magoti yake yalipokataa. Daktari alimwambia asitembee mchangani. Jumamosi ya kwanza nilikwenda peke yangu, nikatandika mkeka palepale, na sikuweza kufanya kitu. Kabla ya saa nne nilikuwa nimerudi nyumbani. Nilimkuta kitandani na kofia yake mapajani.

"Mbona mapema?"

"Sikupata mtu wa kuniambia nimekosea."

"Nenda, ukae mpaka adhuhuri kama kawaida. Ukirudi utaileta karatasi hapa, nitakuambia."

Ndivyo tulivyofanya. Nilikuwa naingia chumbani kwake hata kabla sijavua buibui, naye anavaa miwani na kuipeleka karatasi dirishani. Wakati mwingine aliirudisha bila neno, na hiyo ilikuwa sifa. Jirani mmoja alikuja kumjulia hali, akauliza mkwewe yuko wapi siku ya Jumamosi ilhali watoto wapo nyumbani.

"Yuko kazini," mama mkwe akamjibu, akaendelea kushona.

Mume wangu ndiye aliyekuwa jikoni. Alikuwa amejifunza kupika wali wa nazi, na ule wa siku hiyo uliungua chini. Niliporudi tuliukwangua sote, na mama mkwe akasema nazi imezidi.