Mashine ya Kuchomelea Niliyoitangaza Imekufa

Chekeni mkitaka, maana mimi mwenyewe nimeshacheka. Juzi, kwenye karakana ya shamba la mkonge hapa Voi, nilikuwa naziba ufa wa sufuria kubwa ya alumini ya kupikia wafanyakazi. Mashine yetu mpya huchomelea kwa umeme, huku ikipuliza gesi ili mshono usiungue. Lakini kila nilipochomelea, mshono ulitoka mweusi kama masizi.

Nikasimama kukagua mtungi. Gesi ilivuma vizuri. Nikaketi tena kwenye sanduku langu la mbao, nikachomelea: masizi! Nikafungua mashine, nikapuliza vumbi, nikakaza nyaya zote. Nikisimama, gesi inavuma, nikiketi, masizi. Mwishowe nikamwambia bwana mkubwa kwa sauti ya daktari, "Hii imekufa. Irudishwe Mombasa."

"Ikirudi Mombasa, wewe utarudi kukata mkonge," akajibu.

Nikaketi tena kwenye sanduku langu. Mutua, fundi mwenzangu, akaja kuifungasha mashine ipelekwe stesheni. Akauvuta mpira unaopitisha gesi kutoka mtungini, haukuja. Akauvuta tena, nikahisi sanduku likitikisika chini yangu.

"Mwakio," akasema taratibu, "hebu inuka."

Nikainuka. Mtungi ulikuwa bado wazi, na gesi ikavuma fyuuu!

"Ndugu yangu, muda wote huo umekalia mpira!"

Karakana nzima ikaangua kicheko, bwana mkubwa naye akajishika mbavu. Lakini aliyecheka zaidi ni mimi, maana mashine ilikuwa nzima, na kazi yangu pia.