Tangi Lisilopumua

Jana asubuhi pale Nakawa, pikipiki ya boda ilikataa safari. Abiria, nesi aliyechelewa zamu Nsambya, alikuwa akitazama saa na kugonga kiatu chini. Dereva alisafisha plagi, akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Kila alipofungua tangi kuangalia mafuta, injini iliwaka. Akifunga tu, haimalizi dakika, inazimika.

“Ssebo, tangi lako halipumui,” nesi alisema, akachomoa mwenyewe kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki, kilichobanwa chini ya kifuniko na kuziba tundu la hewa.

“Lakini nyabo, mimi nafunika tu mvua isiingie!”

Wakaondoka, injini haikuzima tena. Mimi, niliyekuwa nimesimama kando nikitazama, nilikuwa nampigia binti yangu, mwanafunzi wa Kyambogo, mara ya nne asubuhi hiyo, nimuulize kama amebeba mwavuli. Nikakata kabla hajapokea.