Moto Usiobebeka

Niliporudi Kisangani, mdogo wangu wa kike alinionyesha chupa ya gazi kabla hajanionyesha kitanda. Ilisimama kwenye kona ya jikoni, ya buluu, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Akazungusha kifungo, moto ukatoka, akaniangalia usoni aone nitasema nini. Nikasema ni vizuri. Na ni vizuri kweli, sina ubishi. Makala, yaani makaa ya kupikia, yamekuwa ghali, msitu wa njia ya Bengamisa umezidi kurudi nyuma, na redio kila asubuhi inawasihi watu waachane na makala. Mji mzima umesikia siku moja. Sasa kila nyumba inataka gazi, na magari yanayoileta yanakwama kwenye matope huko mashariki. Mbele ya depo ya gazi nilikuta mstari mrefu wa chupa tupu, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake ili ijulikane ni ya nani. Wenyewe walikuwa wamekwenda zao, wameziacha chupa ziwashikie nafasi.

Basi nilisimama pale jikoni kwa mdogo wangu, nikawa nawaza jambo moja: watoto wa nyumba hii hawajawahi kutumwa moto.

Wewe uliyekulia mahali pengine labda hulijui hilo, ngoja nikueleze. Miaka ya vita mto ulifungwa. Meli za Kinshasa hazikupanda tena, nchi ilikatwa vipande, na kila kitu cha dukani kilishuka kwa ndege. Chumvi ilikuwa dawa. Kiberiti kiliuzwa njiti moja moja, na ukinunua yenye unyevu, shauri yako. Kwa hiyo avenyu yetu, yaani njia yetu ya mtaani kule Mangobo, iliishi kwa kaa la moto. Jioni koko, yaani nyanya yangu aliyenilea, alichagua kaa nene, akalizika ndani ya majivu ya mbabula yake, jiko lake la makaa. Asubuhi alilifukua likiwa bado jekundu. Hapo watoto wa avenyu walianza kuingia, huyu ameshika kigae cha chungu, yule kopo la sardini. Koko alimpa kila mmoja kaa lake na kumwambia maneno yale yale: atembee, asikimbie, akikimbia litakufa. Sijui kama ni kweli. Sisi tulitembea.

Ukiniuliza asubuhi ya Kisangani inanukaje, nitakuambia moshi kwanza, halafu mawese yanayochemka kabla ya sombe, majani ya muhogo, kuingia. Sauti zake ni mchi unaoponda ndizi za lituma, na kengele za toleka, baiskeli zile zilizobeba watu baada ya mafuta ya gari kuisha. Kazi yangu ilikuwa kupepea mbabula kwa kifuniko cha sufuria. Macho yangu yalikuwa mekundu utoto mzima, na koko alipenda kuwaambia wageni kwamba mimi hulia mapema ili nimalize kabla ya masomo.

Nyumba ya pili kutoka kwetu haikutoa moshi. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na ndani aliishi mwanamke tuliyemwita Madame, na mtoto wake mdogo wa kiume. Mume wake alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha vitambaa. Kazi ilimpeleka Kinshasa, vita ikafunga njia nyuma yake, na tangu hapo ilikuja barua moja. Alimwachia Madame chupa kadhaa za gazi, za tangu siku ambazo kiwanda kiliwagawia mafundi wake. Kwa kuwa hatukuona moshi wala hatukumwona akituma mtoto kuchukua kaa, sisi wadogo tuliamini kwamba hapiki. Wakubwa waliamini kwamba anajiona.

Halafu ikaja mvua ile ya upepo. Iling'oa bati la jiko letu, maji yakajaa mbabula, na kulipokucha majivu ya koko yalikuwa uji mweusi. Avenyu nzima ilikuwa hivyo hivyo. Koko alikuwa na mguu mbaya, uliohitaji kukandwa kwa maji ya moto kila asubuhi, la sivyo hasimami. Akanipa kigae, akasema nenda kwa Madame, yeye ana moto wa chuma, mvua haimhusu.

Nilikuwa na miaka minane. Madame alinifungulia, akaniingiza hadi jikoni, na pale ndipo nilipouona moto wa gazi kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa buluu, umekaa kwenye duara, hautoi cheche wala harufu ya kitu ninachokijua. Nikainua kigae changu. Madame akacheka, kicheko kizuri tu, akaniambia:

“Hii moto haibebeke, mama. Ambia koko alete sufuria, nitamuchemushia hapa.”

Niliitikia kwa kichwa. Lakini sikuondoka. Nilibaki nikiutazama ule moto, kwa muda gani sijui, mpaka Madame mwenyewe akaniambia koko anangoja. Njiani nikakuta wenzangu wanarusha mashua za majani kwenye mfereji uliojaa, nikarusha na mimi. Nilipofika nyumbani koko alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ameshika mguu, na hasira imempanda. Akauliza moto uko wapi. Niliona maneno mengi yatanichelewesha kuanza kulia, nikatoa machache.

“Amesema moto hapana.”

Ndivyo nilivyosema. Sikuongeza uongo, nilipunguza tu, na ile nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na sufuria ndani yake.

Koko alininyang'anya kigae, akaenda mwenyewe avenyu ya tatu na ule mguu wake. Akarudi na kaa. Karibu na mlango wetu aliteleza kwenye matope, na badala ya kuliachia, alilikinga na kiganja lisianguke majini. Kovu lile alikuwa nalo mpaka tunamzika. Siku ile ile, mkono umefungwa kitambaa, alitangaza kwa majirani kwamba mtu wa nyumba ya pili asipewe moto kwetu, kwa sababu yeye amewanyima wenzake. Na kwa kuwa avenyu nzima ilichukua moto kwa koko, avenyu nzima ikamfuata. Wakaacha hata kumsalimia Madame. Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka kusema, na kila siku kile kitambaa cha mkononi kilinizuia.

Gazi ya Madame iliisha miezi michache baadaye, na nyingine haikuwepo mji mzima. Niliijua habari hiyo kwa kuchungulia kwenye ua wa miti. Alinunua mbabula, akanunua makala kwa wale vijana wa baiskeli wa Bengamisa, akayapanga vizuri mno, kama mtu anayepanga mayai. Akapiga njiti. Ikazimika. Akapiga nyingine. Kisha kiberiti kikaisha, nikaona yeye na mtoto wake wanakula ndizi mbivu na kwanga baridi, mkate wa muhogo, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji waliyokunywa yalikuwa ya kisima, hayajachemshwa. Siku ya nne mtoto alianza kuhara. Kwenye kisima nikawasikia wanawake wakisema muuguzi amemwonya Madame: akiendelea kumpa maji mabichi, mtoto hamalizi wiki. Wakasema pia kwamba aje basi apige magoti kwa koko. Koko alikuwepo, akachota maji yake, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata koko alikwenda kuoga. Nilichukua kigae, nikachagua kaa nene kuliko yote, nikatoka. Nilitembea. Niliogopa, lakini sikukimbia. Madame alifungua mlango akiwa amembeba mtoto begani, na mtoto alikuwa amelegea, miguu yake imening'inia tu. Aliliangalia lile kaa, halafu mimi.

“Ni koko alikutuma?”

Nikasema ndiyo.

Nilimwonyesha jinsi ya kuweka kaa chini, siyo juu, na jinsi ya kupepea taratibu. Moto uliposhika, alikaa chini sakafuni, akaweka uso kwenye mgongo wa mtoto wake. Nikaondoka.

Alikuja kwetu baada ya siku tatu. Kigae alikuwa amekiosha, na ndani yake ameweka chumvi, konzi nzima, siku zile ambazo sisi tulilamba vidole. Koko alikuwa anachambua sombe. Niliketi kando yake nikitafuta mahali pa kujificha nisipaone.

“Koko, aksanti ya moto. Mutoto anakunywa, anakula.”

Koko aliacha majani. Akanitazama, akakitazama kigae chake, akanitazama tena. Halafu akampokea Madame ile chumvi kwa mikono miwili, pamoja na ule wenye kovu.

“Bon. Ukilala, ufunike na majivu. Usiache izime.”

Madame alipoondoka, nilingoja fimbo. Koko aliitia chumvi kwenye sombe, akaonja, akasema tu kwamba mimi nitafika mbali na huo mdomo wangu. Jambo hilo hakulitaja tena hadi kufa kwake. Nami ile nusu ya maneno niliyoiacha njiani sikumwambia. Aliamini mpaka mwisho kwamba alinyimwa moto, na kwamba amesamehe.

Baadaye, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya mji wetu, tulilala kwa Madame. Kuta zake zilikuwa nene, zetu zilikuwa za udongo. Tulijazana kwenye korido yake, avenyu nzima, siku sita. Tulipotoka, nyumba yetu haikuwa na upande wa jikoni. Kama ule ugomvi ungekuwepo bado, ningekuwa nimelala upande huo. Nalisema hivi bila kutetemeka kwa sababu miaka imepita mingi, na kwa sababu sijapata njia nyingine ya kulisema.

Sasa turudi kwenye safari yangu. Siku ya tatu nilikwenda Mangobo kumwamkia Madame. Mume wake hakurudi, Kinshasa ilimpa nyumba nyingine. Yule mtoto aliyekuwa amelegea begani ana ndevu na gari, yuko Lubumbashi, na ndiye anayemlipia mama yake gazi. Madame amepungua, lakini kicheko ni kile kile. Akanikalisha jikoni, akateka sufuria ya maji ya chai, akawasha. Moto ulipanda, ukayumba, ukafa. Akaitikisa chupa. Tupu. Akaniambia mtoto wa dada yake ameshapeleka chupa nyingine kwenye mstari wa depo tangu juzi, gari liko kwenye matope.

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ile sufuria imekaa pale, imejaa, haina pa kwenda. Nilimwambia yote. Nikamwambia alisema koko alete sufuria, na mimi nilifikisha nusu.

Madame alifuta meza iliyokuwa safi.

“Nilingojea ile sufuria,” akasema. “Niliacha moto inawaka, asubuhi muzima. Nikasema, bon, koko anazarau jiko yangu.”

Hakunilaumu. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu. Nilimwona akiwa kijana, peke yake, amesimama mbele ya ule moto wa buluu akitega sikio mlangoni, gazi ikiteketea bure, gazi ambayo miezi michache baadaye ingemchemshia mtoto wake maji. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Nikamuuliza nani anaishi kwenye kiwanja chetu cha zamani. Akasema watu wa biashara, wametoka Butembo, wana mwaka wa tatu pale, gazi wanayo, jina lao halijui. Na wao lake hawalijui. Hawana sababu. Hakuna anayeamka na kukuta hana moto isipokuwa kwa jirani. Gazi ikiisha unangoja gari, na chupa yako inakushikia nafasi miongoni mwa chupa nyingine ambazo hazisalimiani. Siulilii moshi, macho yangu yanaukumbuka vizuri. Nayakumbuka tu yale makopo ya sardini mlangoni kwa koko asubuhi, na kwamba alijua kila mtoto ni wa nani.

Nikashika sufuria. Madame akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia anipe maneno ya kupeleka. Alicheka, akafikiri, akanipa.

Nilitembea, sikukimbia, maji yalikuwa hadi ukingoni. Kwenye geti la chuma, pale palipokuwa kizingiti cha koko, alinifungulia mwanamke kijana mwenye simu mkononi. Akaitazama sufuria, akanitazama.

“Nani amekutuma, mama?”

“Koko wa nyumba ya pili,” nikasema. “Gazi yake imeisha. Anaomba umuchemushie maji ya chai. Anasema, yako ikiisha, ulete sufuria kwake. Na anasema uje tunywe wote.”

Sikupunguza neno.