Swali Langu la Kiafrikana

Tangu niambiwe mjukuu wangu wa Afrika Kusini anakuja Kilosa, nilikuwa siketi. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia. Maharage yaliungua huku nimesimama karibu nayo. Kuku walikula mtama niliouanika, mimi nawatazama tu, midomo inanichezacheza.

Huyo mjukuu ni mtoto wa mwanangu wa mwisho, aliyekwenda kusini kutafuta kazi akaoa hukohuko, akafia hukohuko. Tulipigiwa simu wakati wameshamzika. Tukakaa matanga hapa nyumbani bila kaburi, tukala, watu wakatawanyika. Kijana mwenyewe sikuwahi kumwona. Kiswahili hakujua hata cha kuombea maji. Lugha yake ya nyumbani ni Kiafrikana, ya mama yake.

Nilikuwa na swali moja kwake. Nani alikuwa na baba yako alipokata roho?

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini watu siwasahau. Kota za reli nilikokulia nakumbuka majina yote, nyumba kwa nyumba, walio hai na waliokufa. Hapa siyataji, waliokufa hawakunipa ruhusa. Najua nani alimfumba macho mume wangu. Najua waliomwosha mama yangu, na aliyeshika kata, na aliyeshika shuka. La mwanangu ndilo sikuwa nalo, na kila nilipowahesabu wangu nilikwama hapo.

Mjukuu wangu wa kike anafanya kazi hotelini Mikumi, pale yanaposimama magari ya Waafrika Kusini wanaokuja kutazama wanyama. Lugha yao ameiokota kwa wageni na kwa mpishi mmoja wa kwao. Akaniambia, "Bibi, usihangaike. Mume wetu akija, nitakutafsiria."

Nikamwambia, "Swali la mama halitumiwi mtu, mke mwenzangu. Nifundishe."

"Kwa meno hayo?"

"Swali halitafunwi."

Basi kila akipata siku ya kupumzika alikuja Kilosa kunifundisha. Kalamu hainikai mkononi, kwa hiyo tulisomea uani, kwa vyombo. Alichukua kibuyu akakiweka kwenye mkeka: huyu ndiye mtu. Akauweka mchi wa kinu: hiki ni kitendo, anachofanya mtu. Ungo ukawa siku, jana au leo.

"Bibi, shika hili moja. Mchi unakaa nafasi ya pili. Ukianza na mtu, mchi unafuata. Ukianza na jana, ungo unatangulia, mchi unafuata, halafu ndiyo mtu. Ungo na kibuyu vinapishana, mchi hausogei."

Nikavipanga, nikavipangua. Sisi tunasema jana nilipanda mahindi, mtu na kitendo chake wamefungwa kitenge kimoja. Wao wanawatenganisha. Tena wakisimulia yaliyopita kitendo wanakikata vipande viwili: kipande kidogo, *het*, kinabaki pale pa pili, na kitendo chenyewe kinatupwa mwisho kabisa. *Gister het ek mielies geplant.* Jana, basi mimi, basi mahindi, ndipo unapoambiwa nimepanda. Na hiyo *ge* wanaitoa kooni kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa perege.

"Kwa hiyo mpaka mtu amalize kusema hujui alifanya nini?"

"Hujui. Unasubiri."

"Mie kusubiri siwezi."

"Ndiyo lugha yao hiyo, Bibi."

Lakini ina huruma yake. Kitendo hakibadiliki kwa ajili ya mtu. Mimi *loop*, wewe *loop*, sisi *loop*, wote tunatembea na neno lilelile. Na vitu havina makundi kama vyetu, mti na kiti na jiwe vyote vinatanguliziwa kineno *die* hichohicho. Kukataa ndiko wanakataa mara mbili, kama mama anayemwambia mtoto jikoni usiguse, nimesema usiguse. *Ek het nie geslaap nie.* Sikulala. Hiyo niliishika upesi, maana ilikuwa kweli.

Jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wao miaka ya karibuni, alitukuta tunabishana juu ya mchi. "Bibi, Kiswahili chenyewe unakichanganya na cha kwenu, sasa umetafuta kingine?"

"Na wewe kaa ujifunze. *Ek loop, jy loop.*"

"Mie natembea vizuri tu."

Swali langu lilikuwa refu. *Wie was by jou pa toe hy gesterf het?* Nani alikuwa na baba yako alipokufa. Hapo tena mambo yalinigeukia. Ikiingia ile *toe*, yaani wakati ule, hata mchi unahama. *Het* inasukumwa mwisho kabisa, nyuma ya kufa. Nikamwuliza mjukuu wangu, si ulisema mchi hausogei? Akasema, "Ndani ya sentensi nyingine unasogea. Nilikuficha kwanza, ungekata tamaa."

Nililisema nikitwanga, nikifagia, nikienda kisimani. Wakati mwingine lilitoka zima, wakati mwingine nililivunja katikati, na likivunjika moyo ulinienda mbio kana kwamba kijana ameshafika na mimi sina cha kumwuliza.

Mwishowe sikuvumilia, nikapanda gari kwenda Mikumi kumjaribia mpishi. Njia nzima, kijiji cha Ulaya tunakipita na watu na baiskeli zao za gulioni, nasema peke yangu, aliyekaa karibu nami akajisogeza. Mpishi alikuwa anamenya viazi nyuma ya hoteli. Nikasimama mbele yake, nikalitoa.

Akaacha kisu. Akavua kofia. Akasema maneno polepole, nikasikia *Ouma*, na mbele yake *Ouma* tena, na mara nyingine.

"Anasemaje?" nikamwuliza mjukuu wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Anasema Bibi amwulize kijana, Bibi atajibiwa, Bibi asimwogope. Ouma ni bibi. Kwao mkubwa haambiwi wewe. Unamtaja hivyo hivyo mpaka mwisho."

Kumbe nao wana shikamoo yao. Nilirudi Kilosa nimepungua woga, nusu tu.

Siku ya kijana kuja, mjukuu wangu wa kike alimpokea Mikumi akamleta. Alinionya kwa simu: "Bibi, tafadhali, ale kwanza. Usimrukie na msiba. Nimemfundisha shikamoo, anaikariri njia nzima."

Nikakubali. Nikapika. Ila nilisahau jambo moja ambalo huku halihitaji kukumbushwa. Mtoto wa marehemu akiingia mara ya kwanza, msiba unaanza upya.

Alipokanyaga uani, begi mgongoni, mrefu, ana paji la uso la mwanangu kama limebandikwa, alifungua mdomo aamkie. Jirani yangu akawahi. "Uwiii! Umetuletea sura ya baba yako, yeye umemwacha wapi?" Wanawake wote wakapokea. Mmoja akajitupa chini. Mwingine akamkumbatia miguu. Na mimi nililia, nisingeweza kusimama kando.

Kijana akarudi hatua moja. Akatazama nyuma, akatazama mlango wa nyumba. Akamwuliza mjukuu wangu, na mimi nikasikia vizuri: *"Wie is dood?"*

Nani amekufa.

Mjukuu wangu alitaka kujibu, nikamzuia kwa mkono. *"Jou pa,"* nikasema.

Akatikisa kichwa. Akasema mengi, *lank*, *lank*, zamani, zamani. Nikatafuta vyombo vyangu kichwani, ungo, mchi, kibuyu. Nikaanza na mahali. *"Hier het hy vandag gesterf."* Hapa amekufa leo.

Alinitazama. Begi likateleza begani, akaliacha lianguke. Halafu alilia, kwa sauti, kama wenzake, na wanawake wakamwachia nafasi katikati yao.

Tulipotulia sikukumbuka habari ya kula kwanza. Nililitoa swali, lote, *het* ikaja mwishoni mahali pake. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu refu, nimejiambia nitasubiri mpaka neno la mwisho.

*"Ek, Ouma."*

Mimi, Bibi.

Basi. Akainua mikono yake miwili, akaikunja kama anayebeba kichwa cha mtu, akapitisha kidole gumba hewani, jicho hili, jicho lile.

Mjukuu wangu alileta birika na beseni, maana chakula kilikuwa kinapoa. Kumnawisha mgeni ni kazi ya wadogo. Nikamnyang'anya birika. Kijana akaikinga mikono, nikaanza kumimina, naitazama, vidole virefu, kucha fupi, kovu dogo chini ya gumba.

"Shikamoo, Ouma," akasema, polepole, kama anayetua mzigo.

"Amkio ndiyo kwanza linakuja!" jirani yangu akanong'ona.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mume wangu."

Nikaendelea kumimina.

"Bibi," mjukuu wangu akanigusa bega. "Maji yamekwisha."