Pikipiki Isiyoinama

Fundi pikipiki hakuulizi chombo chako kinaumwa nini. Kwanza hufuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe, akabana breki ya mbele, kisha akaikandamiza pikipiki kwa uzito wote wa kitambi chake, sikio kalitega. Pua ya pikipiki ikizama huguna. Ikipanda huguna tena, na ugonjwa ameshaujua. "Hakuna kinachosimama bila kuinama kwanza," humwambia shemeji yake, mchomeleaji wa banda la pili, ambaye neno hilo limeshamchosha.

Leo imeletwa pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye mbio, ambayo mbele haina yale mabomba mawili ya shokapu. Gurudumu limeshikwa na mkono mmoja wa chuma utokao ubavuni. Fundi akakandamiza. Pua haikushuka hata kidogo. Akaipanda, akazunguka uani, akabana breki akiuelekea ukuta. Pua haikuzama, akajua breki zimekufa, akafumba macho. Alipoyafumbua, pikipiki ilikuwa imesimama tuli bila kuinama, ukuta uko shubiri moja mbele yake.

Akashuka, akakaa juu ya tairi bovu. "Shemeji," alimwambia mchomeleaji, aliyekuwa akimtazama kutoka bandani kwake, "dada yako naye hakuinama. Siku aliyoniacha, asubuhi kanipigia pasi shati, jioni nyumba tupu. Hata dalili moja, jamani?"

Mchomeleaji, aliyelipitisha begi la dada yake mlango wa nyuma siku ile, alishusha miwani ya kuchomelea machoni, na moto ulikuwa bado haujawashwa.